Sheria Haimjui Farasi

*Siku ya Mtakatifu Nikolasi. Mlango wa Saba. Ukungu.*

Daftari hili lilikuwa la Josiane, mjukuu wangu. Kurasa tatu za mwanzo zina hesabu zake, zote zimepigwa mstari mwekundu. Mimi naanza wa nne.

Aliyenifundisha herufi ni Euphrasie, mke wa mlinzi wa Mlango wa Saba wa mfereji, hapa maji yanapopandisha na kushusha matishari, vyombo bapa vya mizigo tunamoishi. Huu ni mwaka wa pili. Tunamenya viazi, yeye anachora herufi kwa kisu kwenye ganda, mimi nasoma. Leo ameniambia, "Bibi Zulma, sasa andika kila siku, hata neno moja. Mkono ni kama farasi, ukiuacha zizini unasahau njia."

Nina miaka sabini na moja. Shule sikuiona hata kwa dirisha. Shule yangu ilikuwa kamba begani, tishari nyuma, na mgongo wa mama mbele yangu.

Na kwa nini mbio hizi za uzeeni? Kwa sababu ya daktari. Ameshika miguu yangu, akabonyeza kidole, shimo likabaki. "Moyo umechoka, bibi. Ukiyaona majani mapya, mshukuru Mungu." Nikamwambia na yeye ashukuru sijamtupa mferejini. Nikatoka nikicheka. Huko nje nilishika reli mpaka vidole vikaniuma.

Nataka kuandika wosia. Sheria ya hapa yasema wosia wa mkono uandikwe wote na mwenyewe, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Neno moja la mkono mwingine, umekufa. Basi nitaandika.

*Kesho yake. Ukungu.*

Nimeandika "tishari" mara kumi. Mazuri matatu.

*Siku tulipopakia makaa ya mawe.*

Blandine amesimamia upakiaji peke yake, uso mweusi, meno meupe, anawatukana wapakiaji nao wanacheka. Ana miaka thelathini na miwili. Aliletwa humu akiwa na minne. Mama yake, wa tishari la jirani, alikuwa anakwenda hospitali na kifua, akaniambia, "Nishikie mtoto wiki mbili." Wiki mbili hizo hazijaisha mpaka leo.

Karatasi yoyote hana. Hatukuandikisha. Nani angeandikisha, mimi nisiyejua A? Watu wa mfereji wote wanajua ni binti yangu. Serikali ndiyo haijui.

Hajui kuwa naandika wosia. Akijua atasema, "Sitaki kitu, mama." Ndiyo maana anastahili.

*Barafu ya kidole kimoja.*

Tumekwama hapahapa Mlango wa Saba. Mbele matishari manne, nyuma sita.

*Barafu ya vidole vinne.*

Leo nilijaza ukurasa mzima. Jirani wa nyuma alikuja na ndoo, kisa jiko lake limezimika. Nikamwambia makaa ni mali ya watu, hatugusi, isipokuwa vipande vilivyoanguka vyenyewe. Blandine akachukua koleo akavisaidia kuanguka.

*Noeli. Barafu ya shubiri.*

Mwanangu Anselme amekuja kwa miguu juu ya barafu, viatu vya mjini, anateleza kama ndama. Anafanya kazi kwenye tanuri za chuma huko bandarini, ana nyumba yenye ngazi. Nilifurahi. Nilishamwekea sungura mchuzini na plamu kavu. Kisha nikaona hakuja peke yake. Yuko na mtu mwenye nyundo ndogo.

"Nani huyu?"

"Rafiki tu, mama. Anapenda kuangalia mbao."

Rafiki akaanza kugonga. Ko, ko, kwa mbele. Ko, ko, karibu na kitanda changu. Pale ubao ulipojibu kwa sauti ya uvivu, akaandika. Namjua mtu wa namna hiyo tangu sijaota meno. Ni mchanaji.

Sisi wa mfereji hatusemi kuvunja tishari. Tunasema kuchana, kama nguo ya maiti. Wanalivuta hadi kando, wanaanza na nyumba ya ndani, jiko, dirisha, kitanda, halafu mbavu.

Nikamwambia Anselme, "Mimi bado napumua, na wewe unapima sanda?"

"Mama, ni la mbao, lina miaka hamsini. Lote linavuja. Ukiondoka, nani ataliendesha?"

Blandine alikuwa anakata mkate. Kisu kilisimama. Anselme hakumtazama hata kidogo. Akasema, "Blandine bado kijana. Atapata kazi kiwandani."

"Blandine haendi popote," nikasema.

"Kwa karatasi gani, mama?"

Hakusema kwa ubaya. Ndicho kilichoniuma. Alisema kama mtu anayekuambia mvua inanyesha. Sungura hakuliwa. Nilimpa mbwa wa mlinzi, na mbwa ndiye pekee aliyeiona Noeli.

*Siku ya baadaye. Ni hiyohiyo tu, barafu.*

Nimemchukia mwanangu siku nzima. Inachosha kuliko kufua.

*Barafu ya shubiri na nusu.*

Euphrasie aliniulizia kwa wakili wa mjini. Nusu ya tishari ni ya Anselme, nipende nisipende, sheria imeshamkatia. Nusu ya pili nampa nimtakaye. Na mwenye nusu akisema hapana, tishari halichaniki. Blandine akiwa na nusu, ana kitanda chake. Bila karatasi, nikifa asubuhi, jioni yuko ukingoni na ndoo.

*Siku barafu ilipombeba farasi wa Lesage.*

Leo mfereji wote ulitoka nje. Lesage, mwenye shamba ng'ambo, alivusha farasi wake juu ya barafu, mnyama mkubwa kama kanisa, na barafu haikusema hata *kri*. Watu walipiga makofi. Wazee wanasema haijapata kuonekana tangu walipokuwa wadogo.

Wote wakiwa nje, mimi nilikuwa ndani nimefunga kitasa. Nikaandika wosia. Ulinichukua tangu makofi mpaka taa:

*Mimi Zulma, mjane wa Théophile, mwenye tishari liitwalo Zélie, nampa Blandine, niliyemlea, nusu yote ninayoruhusiwa kutoa. Asichanwe. Yaani tishari. Na Blandine pia. Nimeandika siku barafu ilipombeba farasi wa Lesage.*

Nikatia jina. Z yangu ni kama mtu anayepiga magoti. Nilitazama karatasi ile mpaka macho yakanitoka maji. Miaka sabini na moja, na leo nimesema kitu kitakachoendelea kusema nikiwa sipo.

*Siku niliyokwenda kwa wakili.*

Naandika kwa hasira, kwa hiyo herufi ni mbaya, nivumilie, daftari.

Mume wa Euphrasie alinivuta kwa kigari cha kuteleza, nimefungwa mablanketi kama gunia la vitunguu. Wakili Crépin ni mwembamba, miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kukudharau. Akasoma. Akasoma tena. Akaona mkono wangu, nadhani ndipo akaacha kudharau, maana aliweka karatasi chini polepole.

"Bibi umeandika haya mwenyewe?"

"Kama kuna makosa, ni yangu yote."

"Makosa ya herufi hayana neno. Lakini tarehe iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Hapo. Siku barafu ilipombeba farasi wa Lesage.

"Hiyo si tarehe, bibi."

"Si tarehe? Muulize yeyote kutoka Mlango wa Kwanza mpaka wa Kumi na Tisa! Mtoto mchanga atakwambia ni siku gani!"

"Siku, mwezi, mwaka. Bila hivyo wosia ni karatasi tupu." Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayemwombea mtu radhi, "Sheria haimjui farasi."

Akaniambia kuna njia nyingine. Niseme kwa mdomo, yeye aandike mbele ya mashahidi wawili, anisomee, nitie alama. Nikasimama. Baba yangu alitia msalaba kwenye karatasi aliyosomewa na bwana mwenye sauti nzuri. Sauti ilisema ni karatasi ya kukodisha farasi. Karatasi yenyewe ilisema ni ya kuuza, farasi na tishari. Tangu hapo ndipo mimi na mama tulipovaa kamba mabegani na kuvuta ya watu. Nilikuwa na miaka minane. Nimekula kiapo: maneno ya mtu mwingine hayataishi juu ya alama yangu.

"Basi andika upya," akasema Crépin. "Hapahapa, bibi, kalamu hii."

Nikaichukua. Mkono ulikuwa umeganda kwa baridi ya njiani, na hasira, na aibu. Haukuandika chochote cha kusomeka. Nikasema nitaandika nyumbani.

Naongeza mwezi Februari: laiti ningekaa. Mungu wangu, ningekaa nikapasha vidole pale, hata saa tatu.

*Tarehe 22 Januari 1963.*

Hiyo ndiyo tarehe. Nimeiandika mara ishirini. Euphrasie anasema nitaweka tarehe kila siku sasa, niizoee. Siku yenyewe haina uso. Ni namba tu, kama wafungwa. Kesho naandika wosia.

*Tarehe 29 Januari 1963.*

sikuandika kesho

nilianguka. mdomo upande. mkono wa kulia kama wa mtu mwingine amelala nao

*Tarehe 30 Januari 1963.*

mkono hautaki

*Tarehe 31 Januari 1963.*

hautaki

*Tarehe 2 Februari 1963.*

Mdomo umerudi. Daktari anasema ni kiharusi kidogo, kikubwa kiko njiani. Blandine alikaanga chapati za maji za Kandelera, sikukuu ya mishumaa, akazirusha huku ameshika sarafu mkononi, ya bahati. Moja ikaangukia jiko. Tulicheka, mimi kwa nusu.

Nimetumia asubuhi nzima kwa mistari hii.

*Tarehe 6 Februari 1963.*

Euphrasie kaleta habari. Anselme alionekana akitoka kwa wakili Crépin. Alikaa huko muda mrefu, akiuliza wosia wa mkono unakufaje. Kila namna unavyoweza kufa.

Mwanangu. Nilimnyonyesha juu ya mlima wa makaa.

*Tarehe 9 Februari 1963.*

Wosia, mara ya kwanza. Niliishia "Zulma mjane". Wino ukamwagika.

*Tarehe 10 Februari 1963.*

Mara ya pili. "Mimi" tu.

*Tarehe 11 Februari 1963.*

Nilijaribu kushoto. Euphrasie akaangalia, akageuka kufuta machozi na aproni akijifanya ni vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

*Tarehe 13 Februari 1963.*

Nimekimeza kiapo changu. Kilipita kama mwiba wa samaki. Nimemtuma mume wa Euphrasie kwa Crépin: aje, alete mashahidi, nitasema, aandike, nitie msalaba kama baba. Blandine ni zaidi ya kiapo.

*Tarehe 14 Februari 1963.*

Crépin ameteleza kwenye ngazi za kanisa, amevunjika nyonga. Yuko hospitali. Wakili wa mji wa pili amejibu kwamba atakuja barabara zikifunguliwa. Mimi sina muda wa barabara.

Nilimcheka Mungu usoni. Kisha nikamwomba radhi, maana sina mwingine.

*Tarehe 15 Februari 1963.*

Nimeanza upya kama mtoto. Fimbo, duara. Fimbo, duara.

*Tarehe 18 Februari 1963.*

Fimbo, duara. Miguu imevimba hadi magotini. Blandine anainyanyua kwenye kiti kama anavyoinyanyua minyororo, kwa nguvu na kwa adabu.

*Tarehe 21 Februari 1963.*

Anselme amekuja, peke yake, bila nyundo. Nilimwambia aondoke. Akavua kofia akakaa. Blandine alikuwa nje anapasua barafu kuzunguka tishari isitubane.

"Umejifunza namna ya kuua karatasi yangu," nikasema.

"Ndiyo, mama."

Hata kukana hakukana. Akatazama jiko, saa, kile kitanda kidogo cha kabati alicholalia Blandine miaka yote.

"Kile kilikuwa changu," akasema.

"Kilikuwa chako, ndiyo."

"Mpaka nilipofika miaka sita. Mkanipeleka kwa watawa nikasome. Nililala na watoto arobaini. Nilikuwa nasikia honi za matishari, nakimbilia dirishani, nahesabu, siyo hili, siyo hili. Mlipita mara mbili kwa mwaka."

"Sikutaka uwe kama mimi. Kipofu wa karatasi."

"Najua. Halafu akaja Blandine. Huyo hamkumpeleka."

Sikumpeleka kwa sababu nilikuwa nimeshasikia kile kilio mara moja, cha Anselme, getini kwa watawa. Sikuweza kukisikia mara mbili. Nilijifunza umama juu ya mwili wake, faida akaipata mwingine.

"Mimi nilipewa herufi, mama," akasema. "Yeye akapewa wewe. Unaniuliza kwa nini nataka lichanwe?"

Mtu wa miaka arobaini na minne, mikono imeungua kwa chuma, analia kwenye kofia yake. Nilitaka kumshika kichwa. Mkono wa kulia haukuinuka. Nikamshika kwa kushoto, vibaya, kwenye sikio.

"Nusu yako iko palepale," nikamwambia. "Lakini mimi nitaandika. Ukitaka kuuua huo wosia, uue. Mimi nitaandika."

Akaenda nje. Nilisikia mapigo mawili ya shoka juu ya barafu mahali palipokuwa na moja.

*Tarehe 22 Februari 1963.*

Yuko bado. Analala kwenye makaa na blanketi.

*Tarehe 26 Februari 1963.*

Fimbo, duara. Nimeandika "nampa". Limesomeka!

*Tarehe 1 Machi 1963.*

Nimetapika. Pumzi fupi. Usiku nalala nimekaa. Barafu inaguna chini yetu.

*Tarehe 6 Machi 1963.*

Naandika haya tangu asubuhi, neno na pumziko, neno na pumziko. Ni habari ya Jumapili, tarehe tatu.

Niliamka nikajua. Mwenye tishari hujua maji yanapotaka kuondoka. Nikasema niketishwe mezani. Nikamwambia Blandine kila kitu, maana sikuweza tena kujifungia. Akasema nilivyojua atasema: "Sitaki kitu, mama. Nataka ulale."

"Nikilala sasa, utalala ukingoni. Lete wino."

Nilianza na tarehe, nimeshafundishwa. *Tarehe 3 Machi 1963.* Kisha mimi, kisha Zulma. Kila herufi ilikuwa kama kuvuta tishari lenye mzigo kutoka mahali liliposimama; hatua ya kwanza ndiyo inayoua. Anselme alisimama mlangoni na vidole vyake vyeusi. Blandine alikuwa begani kwangu, namsikia anahesabu pumzi zangu.

*Nampa Blandine, niliyemlea.* Hapo mkono ukaanza kucheza. Kalamu iligonga meza, ko, ko, kama ile nyundo. Tone likadondoka. Nikasikia sauti inalia na sikujua ni yangu.

"Mama, yatosha," Blandine akasema, akanyoosha mkono wake mkubwa wa joto aushike wangu, auongoze, tumalize pamoja. Nani asingefanya hivyo? Nilimfundisha kupiga makasia kwa namna hiyohiyo, mkono juu ya mkono. Na mimi niliutaka. Mungu anisamehe, niliutaka ule mkono kuliko pepo.

"USIMGUSE!"

Ni Anselme. Alivuka chumba kwa hatua moja, akaukamata mkono wa Blandine hewani, akaubana kifuani mwake kwa mikono yote miwili.

"Unaniumiza!"

"Usimguse, dada. Ukimshika, karatasi inakufa. Nilimuuliza wakili. Mkono ulioongozwa, wosia umekufa. Ndilo la kwanza nililouliza."

Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Sekunde tatu za kunyamaza, na tishari lote lingekuwa lake. Na hajawahi kumwita dada, miaka ishirini na minane.

"Andika, mama," akasema. "Hatuji karibu. Andika hata mpaka kesho."

Wakarudi wote wawili hadi ukutani, yeye bado ameushika ule mkono, na Blandine hakuutoa. Nikaandika. *Nusu yote ninayoruhusiwa kutoa. Asichanwe.* Sikueleza safari hii nani. Kisha jina. Z ilipiga magoti, ikainuka.

Mlango wa Saba umefunguliwa leo. Barafu inapita dirishani vipande vipande, inagonga mbao, na maji yanatembea. Siwezi kusimama kuyaona. Miguu imeshaniaga. Euphrasie ameupeleka wosia kwa karani wa Crépin. Karani amesoma, amesema hauna kasoro, ila mwishoni kuna mstari usiohitajika kisheria, kama nataka naweza kuufuta.

Nimekataa. Tarehe yao nimewapa, iko juu, siku, mwezi na mwaka. Ule mstari wa chini ni tarehe yangu:

*Nimeandika siku Anselme alipoushika mkono wa Blandine.*